Ngazi ya Vidato Tisa

Ngazi ile ilikuwa na vidato tisa, lakini vilivyofaa vilikuwa saba. Viwili vya chini vilikuwa vimebomoka kabla sijahamia Mji wa Kale, na kila niliyemuuliza vilivunjika lini alinitajia mwaka wake. Ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ikiegemea ukuta wa bahari nyuma ya nyumba tulizopanga, na kando yake palikuwa na bomba la chuma la kushikilia. Maji yalipojaa, kidato cha saba kilizama kiasi cha shubiri moja, na mtu aliingia baharini na kutoka bila taabu. Yalipopwa, chini ya kidato hicho ulibaki mwamba mtupu uliogandwa na makombe ya chaza yenye makali ya wembe. Kwa hivyo watu wa ngazi ile walikwenda kwa saa za maji.

Jioni walikuja wanaume kama kumi na wawili, watu wa makamo na wazee. Wanawake walikuwa na wakati wao baada ya alfajiri, na mwanamume hakupita pale. Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kwetu ni Rabai, na nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na minane, nimeng'ang'ania bomba lile. Aliyenifundisha ni jirani yangu wa chini, kuli mstaafu aliyeharibika nyonga. Nchi kavu alitembea kwa mkongojo, hatua moja moja, uso umekunjamana. Baharini aliogelea hadi boya la kwanza na kurudi, taratibu, na siku aliyooga hivyo alilala bila dawa.

"Hapa ndipo ninapokwenda matembezi," aliniambia. "Huko juu nakwenda dukani tu."

Saa za maji walizihesabu kwa tarehe za mwezi, tangu unapoandama. Tarehe mosi na tarehe kumi na tano maji hujaa saa kumi, na kila siku inayofuata huchelewa dakika kama hamsini. Kila mtu alikuwa na hesabu hiyo vidoleni. Mimi sipendi jambo lililo vidoleni tu. Nilitafuta ubao, nikaupaka rangi nyeusi, nikaupigilia ukutani juu ya kidato cha kwanza, na kila Jumapili niliandika kwa chaki tarehe za mwezi na saa za kujaa za wiki nzima. Bandari ilikuwa na kitabu chake cha saa za maji, na ningeweza kukiomba. Sikukiomba. Nilitaka kukokotoa mwenyewe.

Mwanzoni walinicheka.

"Karani, leo maji yamekuja na stakabadhi?"

"Uliza ubao. Huenda bahari iko likizo."

Lakini baada ya miezi miwili walikuwa wakipita, wakitazama chaki, wakivua mashati. Hakuna aliyehesabu tena. Nilijivunia hilo, na sikuona hatari yake.

Tarehe za mwezi nilizitoa kwenye kalenda ya ukutani iliyogawiwa na duka moja la vitambaa. Tarehe za Kiislamu zilichapishwa humo kwa tarakimu ndogo. Mimi ni Mkristo. Sikuwa na desturi ya kutoka jioni kuutazama mwezi, wala sikujua kwamba kalenda iliyochapishwa mwaka mzima mbele inaweza kuachana na mwezi ulioonekana kisiwani. Kwa muda zilikwenda pamoja. Kisha mwezi mmoja kalenda ikatangulia siku moja, na mimi nikaifuata.

Siku hiyo ubao ulisema maji yatajaa saa kumi na moja na dakika arobaini. Yalikuwa maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana. Mzee jirani yangu aliteremka saa kumi na moja na robo akiamini yangali yanapanda, kumbe yalikwisha kugeuka. Mimi nilicheleweshwa kazini. Nilipofika, saa kumi na mbili na robo, nilikuta wanaume wawili wamelala kifudifudi kwenye kidato cha saba, mikono imening'inia. Kidato kilikuwa juu ya maji kwa kiasi cha dhiraa moja, tangu kiwiko hadi ncha za vidole. Mwenye nyonga nzima angepanda. Mzee alikuwa ameshika mwisho wa bomba, mkondo unamvuta miguu.

"Mzee, lete na mkono mwengine!"

"Mwengine nashikia bomba. Wataka niazime wa nani?"

Tulifunga vikoi viwili, tukampitishia kwapani, tukamvuta. Chaza zilimchana tangu goti hadi kifundo cha mguu. Alikaa juu akihema, akiutazama ubao.

"Mimi vidoleni nilikuwa na tarehe kumi na sita," alisema. "Ubao una kumi na saba. Nikasema, karani ameandika."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika.

Asubuhi yake binti wa mzee, aliyekuwa akiishi naye, alibisha mlangoni kwangu.

"Sabalkheri, kaka."

"Sabalkheri, dada. Yuaendeleaje?"

"Jeraha litapona. Lakini baba hateremki tena pale. Mimi sina baba mwengine."

Nilikwenda nikafuta ubao.

Wiki ya kwanza mzee alikwenda dukani. Wiki ya pili aliishia barazani. Ya tatu alikuwa akituma watu, na usiku nilimsikia kupitia sakafuni akigeuka kitandani na kuguna. Hapo nikashuka kumtafuta binti.

"Na vile vidato viwili vikirudi?"

"Ubao nimeuona. Sasa wataka nione mawe?"

"Mawe utayakanyaga wewe kwanza."

Hakukubali, lakini hakukataa.

Bamvua ndiyo iliyotukwamisha, na bamvua ndiyo iliyotusaidia, kwa sababu hupwa hadi chini ya mwamba kukawa wazi. Hupwa karibu saa nne asubuhi, nasi wanaume wa jioni tulipata muda wa saa mbili tu kabla maji hayajarudi. Niliomba ruhusa kazini. Mmoja wetu alikuwa mwashi. Yeye alipima, sisi tukakwangua chaza, tukachonga, tukabeba. Kidato cha tisa tulikiweka bamvua moja, cha nane bamvua iliyofuata. Mzee aliketi juu kwenye kigoda.

"Hilo jiwe lacheza kama jino langu. Toa, weka upya."

Tuliliondoa, tukaliweka upya.

Ilipokuja bamvua ya tatu, jioni, binti alifika na baba yake. Wanaume waliokuwapo walisogea na kugeukia upande mwingine. Mzee aliutazama ubao mtupu.

"Karani, leo tarehe ngapi?"

"Niambie wewe, mzee. Mwezi uliuona lini?"

Alihesabu kwa kidole gumba juu ya vifundo vya vidole vingine, midomo ikicheza. "Kumi na tano. Ndiyo kwanza yajaa."

Binti alikusanya buibui lake mkononi, akashika bomba, akateremka. Kidato cha sita. Cha saba, maji yakampata kifundoni. Akashusha mguu hadi cha nane, akakikanyaga kwa kisigino mara mbili, kwa nguvu, kisha akasimama akingoja jiwe lisogee. Halikusogea.

"Haya, baba," alisema bila kugeuka. "Acha mkongojo, ndoo huku."

Nilichukua chaki nikaandika ubaoni kumi na tano.