Fulari Niliyoianika Kwenye Kichanja cha Ndagala

Nikiwasimulia haya msinitazame usoni, tazameni kule ziwani, kwa maana mpaka leo nikikutana na paka njiani navuka upande wa pili, na watu wa mji wetu wa Baraka wanaonijua wanacheka kabla paka mwenyewe hajaniona.

Nilikuwa nimechumbiwa na Wilondja, mtoto wa wakulima wa Lubondja, na kitu kimoja tu kilininyima raha: mama yake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba binti wa ziwani atamletea harufu ya samaki nyumbani. Siku ya kupelekwa kwao kuwasalimia wakwe ilikuwa imekaribia, wajomba zake wote wangekuwepo, na hao ndio waliokuwa na neno la mwisho, wanichukue au waniache. Nikasema moyoni, mama huyu nitamshinda kwa mikono yangu. Nitamfumia fulari, mtandio wa mabegani.

Si fulari nzito, hapana, maana Lubondja asubuhi kuna kiubaridi tu, kile kinachotaka kitu chepesi mabegani mtu akienda kanisani, kwa hiyo nilifumua sweta jeupe la mtumba lenye uzi mwembamba, nikanoa njiti mbili za gurudumu la baiskeli ziwe sindano, nikakaa mlangoni kwetu na ziwa mbele yangu. Mtu akifuma matundu-matundu hivi, anazungusha uzi hapa ili tundu lizaliwe, anaunganisha vitanzi viwili pale ili upana usizidi, tena na tena, na akili inatoka yenyewe inakwenda zake. Yangu ilikwenda Lubondja. Nilimwona mama mkwe akielekea kanisani, fulari nyepesi hata upepo mdogo unaiinua, jua likipita kwenye matundu na kumwangushia majani madogo ya mwanga shingoni, wanawake wakiuliza nani amekufumia, naye akijibu: binti yangu wa ziwani. (Maharagwe yaliungua nikiwa huko, tena si mara moja.)

Ilipokwisha ilikuwa imejikunja kama tambara la kuoshea sufuria, kwani fulari ya namna hii ni lazima uiloweshe, uivute kila upande na uibane hivyohivyo mpaka ikauke, ndipo matundu yafunguke. Kitanda changu kilikuwa kifupi mno kuibania. Sasa sikilizeni nilivyoamua. Mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wetu hawaendi, maana taa zao haziwavuti ndagala, dagaa wetu, ziwa likiwa jeupe, kwa hiyo vichanja vya kuanikia samaki pale ufukweni vilikuwa vitupu, virefu, vina jua na upepo. Nikasugua kimoja kwa sabuni, nikakinusa: hakina kitu. Nikaibana fulari kwa miiba, nikajilaza kivulini kando yake nikisikiliza maji, na ilipokauka ilikuwa kama pumzi.

Aliyenipeleka ni Tantine Zaina, dada wa baba. Njiani dereva wa pikipiki akageuza kichwa.

“Bamama, muko mumebeba ndagala?”

“We chunga njia!” alimjibu Tantine. “Tunaenda kwa bakwe, hatuendi ku soko.”

Mimi nikacheka, nikidhani pikipiki yake ndiyo iliyobeba samaki jana.

Kwao Wilondja zawadi ya mkamwana huvaliwa papo hapo, mbele ya watu. Tantine akasimama katikati ya ua. “Mulisema batu ba ziwa banajua kuvuta nyavu tu. Muangalie mikono ya mutoto wetu!” Mama Wilondja akajitandia fulari mabegani, akageuka huku na huku, majani ya mwanga yakamwangukia shingoni kama nilivyoota, na bamama wakapiga vigelegele. Nilikuwa bado naelea kwa furaha wakati jua lilipopasha uzi joto.

“Aa, nani anapika ndagala?” aliuliza mjomba mkubwa kwa furaha.

“Hakuna. Leo ni mbuzi,” akajibu mmoja wa bamama.

Kila mtu akaanza kunusa. Mimi pia nilinusa (kwa dhati kabisa) na sikusikia kitu. Ndipo paka akatoka chini ya ghala, akapita karibu na nyama ya mbuzi bila hata kuitazama, akarukia magoti ya mama mkwe aliyekuwa ameketi, akapanda begani na kuuma fulari, na makucha yake yakanasa katika yale matundu niliyoyazaa mwenyewe moja moja. Mama akasimama, paka akaning'inia mgongoni. “Mumutoe! Mumutoe hii munyama!” Nikakimbia kusaidia, nikamvuta paka, paka akavuta fulari, fulari ikarefuka kutoka shingoni kwake hadi mikononi mwangu kama wavu unaoletwa pwani, na mjomba akapaza sauti: “Vuta, muvuvi, vuta!”

Paka alipokwisha kubanduliwa, mama mkwe akaichukua fulari, akainusa.

“We mutoto, hii kitu uliianika wapi?”

“Ku kichanja, mama.”

“Kichanja ya nini?”

“Ya ndagala. Lakini nilikisukula na sabuni, mama, hakikukuwa na harufu.”

“Ku pua ya nani?”

Tantine Zaina akajifunika uso kwa kitenge. Mama mkwe akaikunja fulari polepole, akaingia nayo ndani, mlango ukafungwa, nami nikaanza kupima kwa macho njia ya kurudi Baraka kwa miguu. Wilondja hakuthubutu kunitazama. Wajomba walitazama mlango.

Ukafunguka. Alitoka na sahani ya bugali, akaiweka mbele yangu.

“Kula, muke-mwana. Leo mboga iko. Siku itakosa, nitafungua sanduku, ninuse fulari yako, nimalize bugali yangu.”

Mjomba mkubwa alicheka mpaka kiti kikamwangusha, na akiwa bado chini akauliza tupange ndoa lini.

Siku hizi, asubuhi zenye kiubaridi, mama mkwe huivaa fulari akienda shambani, baada ya ndimu na majivu yote tuliyoifulia, na bado paka humsindikiza. Mimi bado nafuma. Nanyoosha kazi yangu kwenye godoro, na kabla haijatoka nje namwita mama mkwe ainuse. Pua yangu nimeiachisha kazi.