Jicho la Babu Linamsubiri Dakta

Jina la Dakta, mdogo wangu nilimpa mimi. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mkosaji.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, amerudi likizo, kuku wa mama akavunjika mguu. Akaufunga kwa kijiti na kitambaa cha kanga, kuku akapona, akaishi vizuri mpaka Krismasi tulipomla. Nikaanza kumwita Dakta. Nilikuwa namtania tu. Pale Hombolo ndiyo kazi yangu: mchana naziba pancha za baiskeli na pikipiki, na huku naziba natania watu. Shule niliishia la saba. Yeye akaendelea kufaulu, akapelekwa bweni upande wa Kongwa kusoma fizikia, kemia na baiolojia, na lile jina likakua naye. Mama akalichukua, majirani wakalichukua. Akirudi likizo wanakuja, huyu ana jipu, huyu ana mtoto anaharisha, mmoja alimletea mbuzi. Wote alikuwa anawaambia nendeni zahanati. Wanaondoka wanatikisa kichwa, wanasema huyu kweli dakta, maana hata zahanati ukienda wanakwambia nenda hospitali ya wilaya.

Aliyelichukua jina kuliko wote ni babu.

Babu mzaa mama tunaishi naye. Mwaka ule mdogo wangu anaingia kidato cha tano, jicho la kushoto la babu likaanza kumchezea. Anamimina chai pembeni ya kikombe. Anaingia kwenye mlango kwa bega. Siku moja aliisalimia nguzo ya umeme, mbukwa, akasimama kabisa kungoja iitikie. Nikamwambia, babu, hiyo nguzo imetoka Iringa, haijui Kigogo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mama akataka apelekwe mjini akapimwe. Babu akasema lile ni mtoto wa jicho, ameliona kwa wenzake, na mtoto wa jicho hatolewi akiwa mbichi, mpaka aive. Mimi na mdomo wangu huu nikadakia.

"Babu, usiwape watu baki jicho lako. Subiri dakta wetu amalize."

Mama alicheka. Jirani aliyekuwepo alicheka. Babu hakucheka, alikaa akafikiri, halafu akasema hayo sasa ndiyo maneno, jicho litaiva na mjukuu wake ataiva. Tangu siku hiyo mama akitaja hospitali, babu anamjibu kwamba yeye ana dakta wake, yuko shule. Udaktari unasomwa miaka mingapi sikujua, na babu hakujua. Tulidhani ukifaulu kidato cha sita unapewa koti.

Mwezi wa tano mdogo wangu akamaliza mitihani akarudi. Wengine wakimaliza wanalala wiki nzima, wanakula, wananenepa. Huyu alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kugusa sahani. Mama akasema ni uchovu wa kusoma. Wiki moja ikapita, tukawa tunapalilia zabibu za mama, mimi na yeye tu, akasimama na jembe lake akaniambia kemia imemshinda.

Akanieleza ile ya vitendo. Unadondosha maji ya dawa moja kwenye nyingine, tone kwa tone, mpaka rangi inageuka, hapo hapo unafunga koki. Mkono wake ulitetemeka, rangi ikapitiliza. Akaanza upya, ikapitiliza tena. Mara ya tatu muda ukamwishia, akaandika namba za kubuni. Na ile karatasi ya maswali, mawili aliyaacha meupe. Kisha akachuchumaa akaandika kwenye udongo kwa kijiti: baiolojia B, fizikia D, kemia. Kwenye kemia aliandika C, akafuta, akaandika S, akafuta.

Mimi nazijua A mpaka F. Hiyo S ilikuwa ngeni kwangu. Akaniambia kidato cha sita ndiyo wanayo, ni ya aliyekosa kidogo. Hujafeli kabisa na hujafaulu, na kwenye udaktari hawaihesabu. Akiipata kwenye kemia, basi, kwisha. Nikamwambia hao waliobuni S walikuwa wanamwonea mtu haya kumwambia ukweli. Hakucheka.

"Kaka, mwambie babu aende hospitali. Asinisubiri."

"Si umwambie wewe?"

"Akinigeuzia uso tu mi nashindwa. Mwambie wewe. Ila ya kemia usimwambie."

Nikakubali. Kumbe alikuwa amenituma kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu nizaliwe, kuongea na babu jambo la maana.

Kesho yake asubuhi babu alikuwa anaota jua ukutani, si unajua upepo wetu wa mwezi wa sita. Nikakaa karibu yake, nikamsalimia shikamoo kwa adabu zote. Hapo hapo akaanza kutabasamu. Nikasema, babu, Dakta anasema uende mjini wakakuangalie jicho. Akacheka. Nikasema sitanii. Akacheka zaidi, akaniambia si ndivyo ninavyoanzaga siku zote. Ni kweli, ndivyo ninavyoanzaga. Nikajaribu tena jioni mbele ya mama, nimekunja uso, na mama ndiye aliyeniuliza kama naumwa tumbo.

Ningesema kemia imeharibika, babu angeondoka kesho yake. Nilikuwa nimeahidi kutosema. Nikarudi kwenye pancha zangu, nikajiambia labda itakuwa C.

Ule mwezi wote jina la Dakta lilikuwa linamuumiza mdogo wangu mbele ya macho yangu. Mama anaita, "Dakta, njoo ule," naye anashtuka kama kamwagiwa maji. Aliniomba niache kumwita hivyo. Niliacha siku hiyo hiyo. Sasa mtaa mzima utauachishaje? Nilijaribu kumbatiza upya, nikamwita Mwalimu, nikamwita Mheshimiwa, hakuna lililoshika. Akapungua mpaka saa ya mkononi ikawa inamfika kwenye kiwiko. Babu naye akawa haoni tena upande wa kushoto, ukimpa kitu upande ule anapapasa hewa, na anafurahi, anasema sasa linaiva.

Matokeo yalitoka mchana, nina mpira wa pikipiki kwenye beseni natafuta tundu. Mteja mwenyewe ndiye aliyesema yametoka, kasoma kwenye simu. Namba ya mtihani ya mdogo wangu nilikuwa naijua kichwani kuliko ya simu yangu. Nikaitafuta kwa vidole vilivyolowa. Baiolojia C. Fizikia D. Kemia S.

Nikauacha mpira kwenye maji na mteja amekaa pale. Njiani nilikuwa natengeneza cha kusema. Nilikuwa nacho kimoja kizuri, nimekisahau sasa hivi. Nikamkuta uani anasugua sufuria ya ugali, akaniangalia mara moja tu.

"Ni S?"

"Ni S."

Akarudi kwenye sufuria. Aliisugua ile sufuria mpaka mama akatoka ndani kuuliza kuna nini, na mimi ndiye niliyemwambia. Mama alikaa chini pale pale kwenye maji ya vyombo. Kwa mara ya kwanza niliongea jambo la maana nikaaminiwa.

Majirani walikuja kama msibani, na maneno kila mmoja ana lake. Arudie mtihani. Aende chuo cha uuguzi. Kuna mtoto wa fulani alipata mbaya kuliko hiyo na leo yuko ofisini. Yeye alikuwa ndani amelala, ameugeukia ukuta. Siku tatu. Chakula nampelekea mimi na kukirudisha narudisha mimi. Babu tulimficha, tukamwambia ana malaria, na babu akasema madaktari nao wanaumwa.

Siku ya nne asubuhi akatoka. Alikwenda moja kwa moja ukutani kwa babu, akapiga magoti, akasema shikamoo.

"Babu, mimi sitakuwa daktari. Usinisubiri tena."

 Babu akanyoosha mkono kumtafuta kichwa, akakikosa kwanza, kisha akakipata. Hakuuliza kwa nini, wala kama inawezekana kurudia.

"Haya," akasema. "Nipelekeni kwa hao wengine."

Tulikwenda mjini watatu. Aliyetupokea chumba cha macho alikuwa binti, amemzidi mdogo wangu miaka michache tu. Nilimwona mdogo wangu anavyoliangalia lile koti, kuanzia kola mpaka vifungo, akashusha macho na hakuyapandisha tena. Daktari alimpima babu taratibu, jicho hili, jicho lile, akarudia. Halafu akatuambia siyo mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Inakula mshipa kidogo kidogo, na hii haina kuiva. La kushoto limeshakwenda, halirudi. La kulia limeanza, na dawa ya matone inaweza kulishikilia, asubuhi na jioni, siku zote za maisha yake.

Kisha akauliza, na wala hakuuliza kwa ukali, "Mlikuwa mnasubiri nini, mzee?"

Nilitazama sakafu. Nilijua jibu, maana nilikuwa nimelitunga mimi.

"Shamba," babu akasema. "Kazi za shamba zilinibana."



Huu ni mwezi wa tisa sasa, tunakata zabibu. Maombi ya vyuo yamefunguliwa na yamekaribia kufungwa, mdogo wangu hajajaza fomu hata moja. Nimemwambia akitaka namjazia mimi, atapata chuo cha kuziba pancha. Alitikisa kichwa tu, hata kuniambia nimkome hakuniambia. Mimi simwiti tena Dakta, namwita mdogo wangu. Mama anamwita jina lake.

Ila asubuhi lazima amwekee babu dawa, na hakubali kunipa mimi kazi hiyo. Babu anakaa ukutani anainua uso. Mdogo wangu anashika kile kichupa, mkono unaanza kutetemeka. Leo niliona kabisa, tone limeangukia kwenye shavu, likateremka mpaka kwenye ndevu.

"Imeingia, Dakta," babu akasema.

Mdogo wangu akamfuta shavu kwa ncha ya kitenge chake, akashika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akajaribu tena.