Boti Iliyokata Kulia Yenyewe

Siku boti ilipogeuka yenyewe kwa mara ya kwanza, rimoti ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni yangu. Imezimwa.

Nilikuwa nimeinama nasuuza kitambaa. Nikasikia zzzzz. Nikainua kichwa, nikaiona boti inakata maji katikati ya hodhi, inakwenda kwa raha zake kama yenye safari. Halafu ikajitikisa kidogo kulia, ikagonga ukuta, ikanyamaza.

Nikatazama huku na huku. Hakuna mtu.

Wajukuu zangu, mimi nina miaka sabini na moja na siamini kama mashetani yanaingia kwenye plastiki. Lakini siku ile nilirudi ndani kinyumenyume.

Ngoja nianzie mwanzo, nisije nikawachanganya.

Mume wangu alikuwa fundi wa pampu. Miaka thelathini na minne kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi. Kiwanda kilifungwa zamani, sisi tukabaki kwenye nyumba zake za nyuma, pamoja na hodhi moja la saruji ambalo mvua hulijaza mpaka magotini.

Zamani pampu ikikohoa, yeye anaiwekea sikio tu. Anasema, "Huyu ana mchanga kooni." Ukifungua, kweli, mchanga.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia.

Mguu ulirudi, kwa kuchechemea. Mkono haukurudi. Ulilala mapajani mwake kama wa mtu mwingine aliyemwachia amshikie mara moja.

Daktari wa mazoezi, dada mmoja mpole sana, alituambia ukweli. "Vidole visipotumika vitakakamaa. Nitampima tena baada ya wiki tano. Dole gumba lisipoonyesha dalili, itabidi nafasi yake nimpe mgonjwa mwingine. Nisameheni."

Alinishika bega aliposema nisameheni. Sijasahau.

Tangu siku hiyo mzee akawa anakula vijiko vitatu, anageukia ukutani. Nikimwita, anaitika "mm." Basi.

Binti yetu anafanya kazi mbali. Ndiye aliyetuma boti.

"Mama, ni ya watu wanaoanza, rahisi tu," aliniambia kwenye simu. "Dole gumba la kushoto linaendesha, la kulia linageuza. Baba anapenda maji na mashine. Itamvuta."

Boti ya kwanza ilifika imepasuka tumbo. Muuzaji, muungwana, akatuma nyingine kama ile ile bila maneno mengi. Ile mbovu nikaitupa. Boksi lake, na makorokoro yake ndani, nikaliweka kando ya kitanda cha mzee, juu yake nikapanga dawa.

Tukatoka naye nje. Nikampa rimoti. Dole la kushoto likafanya kazi. La kulia likakataa. Akakunja uso, akasukuma kwa bega, kwa shingo, kwa meno. Dole liko vile vile. Rimoti ikamteleza, ikaanguka kwenye saruji.

Mimi, mjinga mimi, nikalia mbele yake.

"Toa hilo dude," akasema. "Na wewe futa machozi. Sijafa bado."

Akarudi kitandani.

Sasa dirisha la chumba chake linatazama hodhi. Nikajiambia, akikataa kuifuata boti, boti itamfuata yeye. Kila asubuhi nitaiendesha pale mbele mpaka roho imwashe.

Tatizo ni kwamba boti yenyewe ilikuwa mgonjwa kuliko yeye.

Siku ya pili ikazama pua. Siku ya tatu ikajaa maji. Siku ya nne mota inalia lakini haiendi, inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

Nikaifunga kwenye taulo, nikaenda kwa fundi simu wa mtaani kwetu. Ni msichana, wanamwita Risasi, kwa sababu ya ile risasi ya kulehemu nyaya ambayo haimtoki mkononi.

"Bibi, leo umeniletea samaki?"

"Mgonjwa. Mpime."

Akaifungua. Akacheka mpaka akashika meza. "Bibi, we' ni fundi cherehani?"

"Umejuaje?"

Akanionyesha nyuma, penye kile kifeni kinachosukuma maji. Shafti ilikuwa imevikwa uzi wa bluu kama kibobini. Uzi wangu! Hodhini ndimo ninamosuuzia vitambaa.

Alinifundisha kila kitu kwa subira. Uzi tukautoa kwa koleo ya nyusi. Shafti tukaipaka grisi ili maji yasipenye. Betri tukaisogeza nyuma, pua ikainuka. Kifuniko tukakizungushia utepe.

"Na hii antena," akasema, "imejikunja chini kama mkia wa mbwa aliyechapwa. Itasikia nini?" Akaipitisha ndani ya mrija wa soda, akaisimamisha wima. "Sasa inasikia mpaka kwa jirani."

Hela hakuchukua. Alisema, "Nishonee mto wa kiti, mgongo unaniua."

Boti ikaenda! Siku mbili nzima nilijiona nahodha. Nikaegemeza kichwa dirishani. "Mzee, unaona?"

"Mm."

Siku ya tatu ndipo ikageuka yenyewe.

Nikadhani ni bahati mbaya. Kesho yake ikarudia. Naielekeza mbele, inajitikisa kulia. Nazima rimoti, nasimama pembeni, inaondoka peke yake.

Na ugonjwa ukawa unazidi kila siku. Jumatatu ilikuwa mtikisiko. Jumatano, kajipindo. Jumamosi ilikata kulia robo nzima ya duara, nami nimesimama nimekunja mikono kama mtazamaji wa mpira.

Nilikausha kwa kitambaa kile kibodi cha ndani, kijibao cha nyaya kinachopokea amri za rimoti. Nikabadilisha betri. Nikakaza usukani kwa bisibisi ndogo ya cherehani mpaka macho yakatoka machozi. Wapi!

Wiki tano zilikuwa zinayeyuka. Hata redio ndogo ya mzee ya kando ya kitanda ilikuwa imenyamaza siku nyingi. Nikasema moyoni, huyu sasa hata habari za dunia hazitaki.

Jambo moja tu lilinifariji. Supu alikuwa anaimaliza. Nilidhani ni kwa sababu nimepunguza chumvi.

Nikarudi kwa Risasi, nimechoka, sina hata nguvu za kukaa vizuri.

"Bibi, hii boti imelogwa?"

"Mwanangu, usinicheke. Zimebaki siku tatu apimwe. Nataka aione inakwenda sawa siku moja tu, ashawishike ashike rimoti. Ikiendelea kujigongagonga hivi, atasema hata mashine imekata tamaa."

Aliacha kucheka. Akainama chini ya meza, akatoa gari la kuchezea.

"La mdogo wangu. Amekua, hachezei tena. Lina mawasiliano ya kisasa, rimoti yake na mashine yake vinajuana vyenyewe, haviingiliwi na mtu. Haya ya boti yako ni ya zamani, yanapokea kila kinachopita." Akaanza kung'oa ya gari ayapachike kwenye boti. "Kile kibodi cha zamani nakitia kwenye kopo. Mimi situpi kitu."

Nilimshonea mito miwili.

Wajukuu, boti ilikwenda kama imepakwa siagi! Mbele, nyuma, kushoto, kulia, inatii kama mtoto wa shule siku ya mgeni. Haikujitikisa hata mara moja.

Nikapiga makofi peke yangu pale hodhini. Nikatazama dirishani.

Mzee alikuwa amegeukia ukutani.

Jioni ile hakugusa supu. Asubuhi hakunywa chai. Mchana nikamwekea kijiko mdomoni, akakiacha kikae pale pale kama mlango uliofungwa. Nikambembeleza, nikamtania, nikamkasirikia. Hakuna.

"Mzee, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Waambie wampe mtu mwingine nafasi. Huu mkono ulishakufa."

Nilikwenda kukaa jikoni, nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sikulia. Hata machozi yalikuwa yameniacha.

Kesho yake ilikuwa imebaki siku moja kabla ya kupimwa. Nikaenda hodhini kwa mazoea tu, mtu akichoka miguu inajipeleka. Nikaiweka boti majini, nikaiwasha, nikakumbuka nimeacha mkasi ndani. Nikaingia taratibu nisimwamshe.

Alikuwa macho. Ametazama dirishani.

Na blanketi lake lilikuwa linatembea.

Pale mapajani, kitu kilikuwa kinasogea chini ya blanketi. Kinasukuma, kinatulia. Kinasukuma, kinatulia. Upande wa kulia.

Nikasimama mlangoni.

"Mzee, umeshika nini?"

Akashtuka. Nikalifunua blanketi.

Rimoti.

Siyo yangu, yangu ilikuwa mfukoni. Ilikuwa ile ya boti ya kwanza, ile iliyopasuka. Ilikuwa ndani ya boksi siku zote, chini ya dawa. Niliigeuza nyuma. Betri zake zilikuwa za redio.

Wajukuu zangu, nilikaa chini. Siyo kwenye kiti. Chini.

Kwa hiyo siku zote zile, boti ilikuwa inasikiliza rimoti mbili, kwa kuwa ni boti mbili za aina moja. Mimi niko hodhini naitengeneza, yeye yuko dirishani anaiendesha. Mbele kwa dole lake zima la kushoto, kulia kwa dole lile lililokufa.

Ule mtikisiko wa Jumatatu ulikuwa yeye.

Kajipindo ka Jumatano, yeye.

Ugonjwa uliokuwa unazidi kila siku, ule niliokuwa nausakama kwa bisibisi, ulikuwa ni mkono wa mume wangu unapona.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Siku ile nilipoiangusha, ulilia." Akatazama pembeni. "Nikasema nijaribu bila wewe kuona. Likitoka, nikushangaze. Lisipotoka, usilie mara ya pili. Na lilikuwa linatoka, Mama. Lilikuwa linatoka vizuri. Halafu juzi nikasukuma, boti kimya. Nikasukuma siku nzima. Kimya. Nikajua basi, mkono umekufa tena."

"Haujafa!" Nilipiga kelele mpaka glasi ya dawa ikaanguka. "Ni mimi niliyekufungia mlango! Nimebadilisha mawasiliano, mzee! Boti haikusikii!"

Alinitazama kama anavyoitazama pampu.

"Umebadilisha kipokezi?"

"Ndiyo."

"Bila kumuuliza fundi wa zamu?"

"Ndiyo."

Kona ya mdomo wake ikacheza. Ya kulia.

Nilikwenda kwa Risasi na viatu visivyofanana, boti kwapani inanichuruzikia maji. Alikuwa na wateja watatu. Nikamweleza huku nahema, watu wote wanasikiliza.

Mteja wa kwanza, baba mmoja aliyekuja na simu iliyopasuka kioo, akasema, "Dada, yangu itasubiri." Wa pili na wa tatu wakasogea wakanipa kiti. Risasi alilifungua kopo lake, akakilehemu kile kibodi kibovu cha zamani mahali pake.

"Bibi, sijawahi kuharibu kitu kwa furaha hivi," akasema, akajifuta jicho na mgongo wa mkono. Alisingizia moshi.

Mchana ule nilimtoa mzee nje, nikamkalisha ukingoni mwa hodhi. Rimoti yangu nikaizima, nikaikalia.

Boti ikaondoka. Ikaenda moja kwa moja kuelekea ukutani, nami nimefumba macho. Nikamsikia anaguna. Nikafumbua.

Ilikuwa inakata kulia. Nusu duara nzima. Ikamrudia mwenyewe.

Kesho yake daktari alimwekea kidole kiganjani. "Haya baba, sukuma kwa dole gumba."

"Upande gani?"

"Wowote."

"Mimi najua kulia tu. Kushoto bado najifunza."

Akasukuma. Daktari akatutazama sote wawili, kisha akaandika kwenye daftari kwa muda mrefu sana, kichwa chini. Nafasi yake haikupewa mtu mwingine.

Hilo tu ndilo nililotaka kuwaambia. Mkiona kitu nyumbani kinakwenda kombo, msikimbilie bisibisi. Kaeni nacho, mkitazame kinavyokwenda kombo, mjiulize ni mkono wa nani mwingine uko pale. Mimi kwa upendo wangu wote nilipigana na mkono wa mume wangu, siku moja tu kabla ya kupimwa nikauachia.

Na mkishindwa kuzuia machozi mbele ya mgonjwa, si kosa. Ila mkishalia, mwambieni kwamba hata akidondosha tena, mtaokota.

Boti bado inavuja kidogo nyuma. Kifeni kimeshika tena uzi, wa njano safari hii.

Jana asubuhi nilikuwa nasuuza kitambaa nikasikia zzzzz. Nikainua kichwa.

Imekata kushoto.

Sijagusa kitu.