Wa Mwisho Bado Yuko Chini

Padri wa parokia yetu ya Ruashi alikuwa Mbelgiji mwenye miguu mirefu, na hakukuwa na jambo la imani ambalo hakuweza kulieleza kwa baiskeli. Dhambi ndogo ilikuwa tairi inayovuja polepole: unaijaza upepo kila asubuhi badala ya kutafuta tundu. Sala ilikuwa mafuta ya mnyororo. Watakatifu walikuwa waendeshaji waliotangulia mbele yetu kukata upepo, ili sisi wanyonge tuwafuate nyuma ya migongo yao. Nilimpenda kwa mifano hiyo, na nilimsumbua kwa sababu yake, maana nilikuwa chuo kikuu, idara ya falsafa, na siku hizo sikuweza kusikia mfano bila kuuvuta mpaka uchanike.

Jumapili moja ya kiangazi, kanisani watu wakiwa wamejifunika makoti, maana kwetu kiangazi ndicho majira ya baridi, alihubiri juu ya ile barua ambamo Mtume anawaambia Wakorintho kwamba uwanjani wanakimbia wengi lakini taji huchukuliwa na mmoja. Baada ya misa nilimsubiri mlangoni mwa sakristia.

"Mompe," nikamwambia, kama tulivyowaita mapadri wote, "kama taji ni moja, sisi wengine tunakuja kanisani kufanya nini?"

Akavua stola, akaikunja. "Unasoma nini kule chuoni?"

"Falsafa."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

"Wa pili ndio mbaya zaidi," akasema. "Wa tatu mtu huanza kuchoka. Sikiliza. Jumamosi ijayo kuna mashindano ya baiskeli. Nahitaji mtu wa kukaa juu ya mlima na daftari, aandike nani amepita na saa ngapi. Uende wewe. Ukishaona watu wanashindana kweli, uniletee tena swali lako."

Habari za mashindano hayo nilikuwa nazo. Nyumbani kwetu hatukuzungumza kitu kingine. Mdogo wake mama, mjomba wangu, aliishi uani kwetu na alikuwa mtu wa makala, kama tunavyouita mkaa wa kupikia: kila siku mbili alikwenda porini, upande wa barabara ya Kipushi, akarudi na magunia matatu ya makala yaliyofungwa juu ya baiskeli. Baiskeli yenyewe, au kinga kama tunavyoiita Lubumbashi, ilikuwa imevunjika uma wa mbele mara mbili. Baba, aliyekuwa mchomeleaji katika karakana ya kampuni ya shaba, aliuchomelea mara zote mbili, na mara ya pili alimrudishia huku akitikisa kichwa.

"Mulamu, chuma hiki kimechoka," alimwambia. "Kikikatika tena usiniletee."

Bila kinga mtu wa makala si mtu wa makala. Mjomba hakuwa na kazi nyingine, na mke wake na watoto wawili walikuwa Kilwa, ile yetu ya kando ya ziwa, si ya pwani, wakingoja awaite waje mjini. Na zawadi ya mashindano ya Padri ilikuwa kinga mpya kabisa. Ilikuwa imefika kwa treni kutoka kwa wafadhili wake, nayo ilikaa nyuma ya mlango wa sakristia, fremu yake bado imezungushiwa karatasi ya kaki. Mjomba alianza kwenda kuungama kila wiki.

"Tangu kinga ile ifike sakristia," mama alisema, "ndugu yangu amekuwa mutakatifu."

Masharti Padri aliyapiga stensili na kuyabandika mlangoni mwa kanisa. Kila mshindani abebe gunia moja la makala lililojaa. Aanzie ukingo wa pori, afikie uwanja wa parokia. Sharti la tatu lilipigiwa mstari: hairuhusiwi kumsukuma mwenzako wala kusukumwa. Mwenyekiti wa seli ya chama alitoa ruhusa yake, mradi washindani waimbe wimbo wa chama kabla ya kuondoka, wakaimba huku wameshika usukani kwa mikono miwili ili mizigo isianguke.

Walikuwa saba. Sita walikuwa watu wa makala, wote wa kundi la mjomba, watu waliosafiri pamoja siku zote. Wa saba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye miwani, hodari wa baiskeli, ambaye gunia la makala alilibeba siku hiyo kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa wale sita kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye tanuru za shaba mpaka kifua kikaharibika. Wenzake walimwita Kifua, naye aliitika.

Nilikaa juu ya kichuguu kikubwa pale mlima unapoishia, daftari magotini. Kutoka pale niliona barabara nyekundu ikiteremka mpaka kwenye daraja la miti, kisha ikipotelea porini. Upande wa pili, kutoka kileleni mpaka Ruashi, ni mteremko na tambarare. Yeyote anayekuwa wa kwanza kufika juu ya mlima ule, isipokuwa tairi impasukie, ameshinda.

Wa kwanza kutokea alikuwa mjomba. Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli, kama wote wanavyofanya mlimani, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti, mwili wote umelala mbele. Nilisikia pumzi yake kabla sijauona uso. Niliandika saa. Nilitaka kumshangilia, lakini nikakumbuka kwamba mimi ni hakimu.

Alifika juu. Akachomoa mti wenye panda uliokuwa umechomekwa kwenye kamba za gunia, akauegemeza chini ya fremu, baiskeli ikasimama. Akajifuta uso kwa kofia. Kisha akageuka na kuanza kuteremka mlima kwa miguu, ndala zake za mpira wa gari zikipiga vumbi.

"Mujomba," nikaita, "unaenda wapi?"

"Kifua angali ku chini," akajibu bila kusimama.

"Lakini ni mashindano."

Hapo alisimama. Alikuwa katikati ya mlima. Aligeuka akaitazama baiskeli yake, imesimama peke yake kileleni na gunia lake, akaitazama kwa muda ambao mtu angeweza kusema Baba Yetu yote. Halafu akatazama chini. Halafu akaendelea kuteremka.

Wa pili alifika, akaegemeza baiskeli yake kando ya ile ya kwanza, akashuka. Wa tatu vivyo hivyo. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu. Baiskeli tano zilipokuwa zimesimama kwa mstari juu ya miti yao, alifika mwalimu, miwani imejaa jasho, gunia limeinamia upande mmoja. Alizitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Wenyewe wako wapi?"

"Wameshuka."

"Kufanya nini?"

"Kumsukuma mwenzao."

"Imeandikwa hapana kusukuma."

"Ndiyo, imeandikwa."

Alifuta miwani kwa shati. Sitaki kumsingizia ubaya, aliwaza kweli. "Basi mimi naendelea," akasema.

"Endelea, Mwalimu."

Akapanda, akapotelea kwenye mteremko wa Ruashi. Niliandika jina lake kuwa wa kwanza.

Baada ya muda kundi zima lilikuja juu na baiskeli ya mzee katikati yao, watu watatu nyuma, mmoja kila upande, Kifua mwenyewe akishika usukani tu na kukohoa.

"Muzee, mu gunia yako umetia mawe?" mmoja alimwuliza.

"Nimetia zambi zako," Kifua akasema. "Njo maana inalemea."

Walicheka mpaka wakasimama. Kisha mjomba akahesabu baiskeli kwa macho.

"Mwalimu iko wapi?"

"Amepita zamani," nikasema.

Mmoja akasema polepole, "Ameenda na kinga ya mompe," na hapo kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza, isipokuwa kwa mjomba. Walikaa chini, wakanywa maji ya kidumu kwa zamu, kama ilivyoonekana wanafanya kila siku. Hakuna aliyeharakisha. Nami, mtu niliyejidai kuuliza kila kitu, nilitambua kwamba nimekula bukari, ugali wetu, iliyopikwa kwa makala ya mjomba miaka mitatu na sijawahi kumwuliza yanafikaje mjini. Wakanieleza, wakishangaa kwamba nauliza. Mlima ule mtu mmoja na magunia matatu hawezi. Kwa hiyo anayefika juu huegemeza na kushuka, na hakuna anayeondoka kileleni mpaka wa mwisho awe juu. Siku ile, kwa gunia moja, kila mmoja aliweza, isipokuwa Kifua. Lakini miguu haikuuliza magunia ni mangapi.

Padri alisoma daftari langu uwanjani, mbele ya watu, kwa kidole, mstari kwa mstari. Akalirudia. Kisha akampa mwalimu kinga, maana masharti yalikuwa yake mwenyewe na yalikuwa mlangoni. Watu wakapiga makofi. Mjomba naye akapiga makofi.

Mama hakupiga. Nyumbani alimwendea mdogo wake, maana alimlea kama mtoto wake, akasimama mbele yake.

"Umeacha kinga mupya juu ya mulima."

"Ya zamani imenileta mupaka hapa, yaya," akamjibu dada yake mkubwa. "Si njo ile?"

"Na bibi yako kule Kilwa nimuandikie nini? Nimwambie kama ulikuwa unatembea tu?"

Mjomba akainama kukaza boliti ambayo haikuwa imelegea.

Kesho yake, alipokuwa akisafisha mnyororo, nilikaa karibu naye. Nilitaka kujua jambo moja tu. Kama alishuka kwa upendo wa jirani, basi swali langu kwa Padri lilikuwa limepata jibu. Kama alishuka kwa mazoea, lilikuwa halijapata.

"Mwipwa, miguu ilishuka yenyewe," akasema. "Kila siku inashuka pale."

"Lakini nilikuita. Ulisimama. Ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikumbuka kinga."

"Halafu?"

Alizungusha pedali, akasikiliza mnyororo. "Nilikuwa nimefika katikati. Kupanda tena mikono mitupu, benzangu bananitazama, ni haya."

"Kwa hiyo ilikuwa haya?"

"Wewe unatafuta jina la nini?"

Nilimpelekea Padri majibu hayo: mazoea nusu ya mlima, haya nusu ya pili, upendo haukutajwa. Nilimkuta mbele ya kanisa akibandua karatasi ya masharti. Hakuniambia nimekosea. Aliniambia kwamba kwao mtu akisukumwa mlimani hutolewa mashindanoni, ndiyo sababu aliandika alivyoandika, bila kumwuliza mtu yeyote wa makala, ingawa jiko lake liliwashwa kwa makala yao kila siku ya Mungu. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kukihubiri. Katika ujana wake alikuwa katika kundi la mashindano, na kazi yake ilikuwa kuendesha mbele ya mwenzake aliye bora, kumkatia upepo, kumpa gurudumu lake likihitajika, na kubaki kando ya barabara.

"Sikuwahi kushinda hata mara moja," akasema. "Na nimekuwa nikimhubiri Mtume kana kwamba nilishinda zote."

"Basi mompe, wale walishuka kwa neema au kwa mazoea?"

"Unadhani neema ingepitia wapi, kama si miguuni?"

Nikamwambia hilo si jibu. Akakubali kwamba si jibu.

Uma wa baiskeli ya mjomba ulikatika mvua zilipoanza, pale pale darajani, chini ya mlima. Baba aliutazama, akautupa juu ya paa la choo. Nilidhani sasa mjomba atarudi Kilwa. Kesho yake asubuhi alivaa ndala zake akaondoka na kundi, bila kinga, kwa miguu. Walikuwa wameshapatana: yeye atasukuma mlimani, baiskeli zote, na wakifika mjini kila mmoja atamwachia ndoo moja ya makala. Aliishi hivyo mpaka Pasaka, alipopata fremu kuukuu ya kununua, na mke wake na watoto wakaja na lori mwezi uliofuata. Wengine katika kundi walisema ndoo moja ni kidogo. Kifua, ambaye hakuwa na nguvu ya kubeba zaidi ya gunia moja na nusu, alimwachia ndoo kama wengine.

Mimi nilikwenda nao mara moja, wakati wa likizo ya Noeli. Nilisema nakwenda kuchunguza. Barabara ilikuwa tope jekundu. Mjomba aliniweka upande wa kushoto wa baiskeli ya kwanza, akanionyesha mahali pa kuweka bega, chini ya gunia la pili, si kwenye kamba. Tulisukuma. Sijawahi kuona mlima mrefu namna ile. Juu, mwenye baiskeli aliiegemeza, nami nikashika magoti na kungoja pumzi irudi, nikipanga maswali nitakayomwuliza kila mmoja kwa zamu wakati wa kupumzika.

"Falsafa," mjomba aliita, sauti yake ikitoka mbali kidogo, "Kifua angali ku chini."

Niliinua kichwa kumjibu kwamba nimechoka, kwamba nitawangoja hapa, kwamba nilikuja kutazama. Nikaona sipo tena kileleni. Kile kichuguu changu kilikuwa nyuma yangu, juu, na viatu vyangu vya chuoni vilikuwa vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Nilijaribu kukumbuka ni wakati gani hasa niliamua kushuka. Bado najaribu.