Siku Tuliyonunua Pikapu ya Mgodini

Ilianza Ijumaa ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Dakika nazikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya Mama, naangalia uji umechemka kwa muda gani, Baba alipotokea mlango wa jikoni akasema, "Wewe, vaa viatu. Tunakwenda wote Geita."

Niligeuka nione anamwambia nani. Hapakuwa na mtu.

"Kuna karatasi za Kiingereza huko," akasema. "Mjomba wako anadai anakijua, lakini Kiingereza chake ni cha kufungulia geti tu."

Mjomba, kaka yake Mama, aliyewahi kulinda geti la mgodi, alikuwa nje anapiga viatu brashi, akasikia. "Shemeji, hilo geti nimelifungua miezi minane. Hakuna gari la mgodi nisilolijua."

"Unayajua kwa nyuma. Yakiondoka."

Nilicheka nikaunguza mkono na mwiko. Tulikuwa tunakwenda kununua gari. Gari! Sisi! Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Ushirombo, chombo chenye injini tulichowahi kuwa nacho ni mashine ya kupampu maji, nayo ilikuwa ya kuazima.

Gari lilikuwa la Mama, ingawa Mama haendeshi. Yeye ananunua dagaa Nkome, kule ziwani, anakuja kuwauza kwenye gulio letu. Miaka yote amekuwa akipakia magunia kwenye malori ya watu. Masika iliyopita lori halikuwa na turubai, mvua ikanyesha toka Katoro mpaka nyumbani, na mzigo wote ukaoza. Mama hakulia. Alikaa barazani siku mbili akiwamwagia kuku wale dagaa, kidogo kidogo, na kuku wenyewe wakachoka. Baada ya hapo Baba aliuza ng'ombe. Alibakiza jike mmoja mwenye ndama na dume la kulimia. Msukuma kuuza ng'ombe zizi likabaki jeupe vile si jambo la kusimulia kwa majirani, na Baba hakumsimulia mtu. Kwa hiyo tukikosea gari tutakuwa hatuna gari, hatuna ng'ombe, na Mama atarudi kwenye malori. Hakuna aliyelisema hilo asubuhi ile, lakini Mama aliponipa chapati za njiani aliniangalia muda mrefu kuliko chapati zinavyohitaji.

Tulifika Geita kama saa nne. Yadi ilikuwa ya kampuni inayokodisha magari kwa migodi. Mkataba ukiisha magari hurudi, na baada ya hapo huuzwa. Jamani! Sijawahi kuona magari meupe mengi hivyo sehemu moja. Yote yamepigwa mkanda wa kung'aa ubavuni, yana namba kubwa mlangoni na taa ya njano kichwani. Mengine bado yalikuwa na ile fimbo ndefu yenye kibendera, ambayo Mjomba alieleza ni ya kuonekana na malori makubwa ya mawe yasije yakakukanyaga. Yote yalikuwa yameegeshwa kinyumenyume, pua nje, yamenyooka kama sisi paredi.

"Ndiyo sheria ya mgodi," Mjomba akasema, ametutumua kifua. "Unaegesha umeshageukia njia. Kukitokea hatari unaondoka tu."

Dalali wa yadi, mwanaume wa makamo mwenye miwani ya jua, alituonyesha pikapu mbili za milango minne. Ya kwanza ilikuwa inang'aa mpaka nilijiona mlangoni. Rangi mpya, viti vina kava jipya, na imetembea kilometa chache. Ya pili ilikuwa imebonyea ubavu wa kushoto, ina mikwaruzo kila mahali, na imetembea karibu mara mbili ya mwenzake.

Baba aliikagua ile inayong'aa kama anavyokagua ng'ombe mnadani. Sitanii. Aliizunguka kimya, akaipiga kofi nyongani, akachuchumaa kuangalia tairi, akainuka, akarudi nyuma hatua kumi aione inavyosimama. Alipofunguliwa boneti aliinama akanusa.

"Mzee," dalali akacheka, "hii hainyonyeshi."

"Hata dume nalinusa," Baba akamjibu.

Mjomba alishaamua. "Shemeji, hii ndiyo. Angalia ilivyotulia. Hii alikuwa anaendeshwa nayo bosi."

"Bosi kabisa," dalali akaitikia haraka.

Mimi nilipewa karatasi. Nilizisoma zote nimeegemea ukuta, kama niko kwenye mtihani. Kadi ilikuwa sawa, namba za chesisi zilikuwa sawa. Lakini kitabu cha sevisi cha ile inayong'aa kilikuwa na kurasa chache tu, na pale kilipotakiwa kuonyesha gari lilifanya kazi idara gani, ukurasa haukuwepo. Ulikuwa umechanwa. Nilimnong'oneza Baba. Alitazama upande wa pili wa yadi, ambako mama mmoja mwenye buti za mpira alikuwa anaosha gari, akaniambia kwa Kisukuma, taratibu, kwamba niende nikamwulize mchungaji.

Nilimwelewa. Baba akinunua ng'ombe hamwulizi mwenye ng'ombe hata siku moja. Anasema kumwuliza mtu kasoro ya mali yake machoni pake ni kumlazimisha aseme uongo, na dhambi mnagawana. Yeye humfuata anayemchunga na kumpeleka majini. Anaongea naye habari za majani, habari za mvua, mpaka ya ng'ombe yatoke yenyewe. Sasa hapa mchungaji alikuwa yule mama mwenye buti. Na mwulizaji alikuwa mimi, ambaye darasani nikijua jibu naliandika kwenye daftari nifurahi nalo peke yangu.

Nilikwenda nikapita karibu naye kama ninayetafuta choo. Nikarudi. Nikapita tena.

"Wewe binti," akasema bila kuinua kichwa, "umekuja kuosha au kuoshwa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jina lako nani, au ndiyo Shikamoo mwenyewe?"

Nikataja jina langu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akacheka, akanisukumia ndoo. "Haya, Shikamoo, nijazie maji."

Kufanya kazi kulinisaidia. Nikijishughulisha na mikono mdomo unanilegea. Nilimjazia ndoo tatu, nikamwambia tumetoka Ushirombo, Mama anauza dagaa, gari ni la kumbebea dagaa. Akauliza dagaa wa wapi. Nikasema wa Nkome. Akasema wa Nkome hawana mchanga kama Mama ananunua waliokaushwa juu ya nyavu. Nikasema Mama hanunui wa chini hata iweje. Tukaongea dagaa mpaka gari likaisha povu.

Halafu, akiwa anakamua kitambaa, akasema kama anaongea na ndoo, "Ile yenu inayong'aa nimeiosha mara nne. Mpaka juzi maji yanatoka ya kijivu kwenye kapeti. Sijui udongo wa kijivu unatoka wapi, hapa juu udongo wetu si mwekundu?"

Nilisimama.

"Na ile iliyobonyea?"

"Ile ya bwana miti wa mgodi. Alikuwa anazunguka vijijini anagawa miche. Kutwa barabarani, vumbi jekundu tu. Aliigonga kwenye nguzo ya zizi la watu, akawalipa nguzo yao." Kisha akanikazia macho. "Mimi naosha tu, umesikia? Nina watoto."

"Nimesikia, mama. Wabeja," nikamshukuru kwa Kisukuma.

"Haya, nenda. Na unyanyue uso."

Niliporudi, Mjomba alikuwa ameshakaa kwenye usukani wa ile inayong'aa, na dalali alikuwa anasema kuna mteja mwingine anakuja saa saba. Baba alinitazama. Nilitaka kumvuta pembeni nimnong'oneze, lakini dalali alikuwa amesimama katikati yetu, na nikafikiri, nikinong'ona baada ya kutoka kule kwenye maji, atajua nani kaniambia. Ilibidi niseme mbele ya wote, tena ionekane ni wazo langu.

Sauti ilipotoka ilikuwa ya mbuzi.

"Samahani. Tunaweza kunyanyua kapeti?"

Wote wakaniangalia. Nilisikia masikio yanawaka moto.

"Kapeti la nini tena, dada?" dalali akasema. "Kapeti ni kapeti."

"Shuleni," nikadanganya, Mungu anisamehe, "tulifundishwa kuhusu kutu."

"Binti anasoma sayansi," Baba akasema, na alikuwa tayari amepiga magoti.

Kapeti lilikuwa limegundishwa kwa gundi mpya. Baba alilivuta kwa kucha kutoka pembeni. Chini yake palikuwa na tope la kijivu lililokauka, kama sementi, na alipoligusa kwa kidole bati likavunjika kama ukoko wa ugali. Kidole kikapita. Aliinama kando ya mlango akachungulia chini ya gari, akakichezesha kile kidole akikiangalia, kama anayekisalimia.

"Shemeji," akasema bila kuinuka, "huyo bosi wako alikuwa anakaa ndani ya shimo?"

Mjomba alishuka kwenye gari polepole. Alijua. Magari yanayoingia chini ya ardhi yanashinda kwenye maji ya mgodi, na yale maji yanakula chuma. "Mimi," akasema, "nilikuwa geti la juu."

Hapo nilicheka kwa sauti. Mimi! Mbele ya watu! Nadhani ilikuwa pumzi niliyoibana tangu Ushirombo.

Dalali alianza habari za fundi wa bati aliye karibu, lakini Baba alishahamia kwenye ile iliyobonyea. Tukanyanyua kapeti zake zote nne, nami nikiwa nimepiga magoti pale pale chini na sketi yangu ya kanisani. Vumbi jekundu, kavu. Chini ya kiti cha nyuma nilikuta mfuko mdogo mweusi wa miche, una udongo wake, na kijiti kilichokauka. Nilimpa Baba. Aliugeuza geuza, akaurudisha mahali pake kama mali ya mtu. Nikasoma kitabu cha sevisi kurasa zote, hakuna uliochanwa. Kisha Mjomba akaizungusha nje ya yadi mara tatu, safari hii akisikiliza kuliko kuongea, akarudi akasema injini inalia sauti moja.

Tukainunua!

Njia ya kurudi sitaisahau. Kwanza Baba alikataa mkanda, gari likaanza kulia ti-ti-ti-ti, halinyamazi. "Limeanza kunung'unika hata hatujafahamiana," akasema, akafunga. Mjomba kabla ya kuondoka alipiga honi mara mbili, eti mgodini ndivyo watu wanavyoaga wakienda mbele, na kurudi nyuma ni mara tatu. Kwenye kituo cha mafuta alirudi nyuma kwa honi zake tatu, watu wote wakakimbia wakidhani breki zimekatika. Tukipita mwendo wa themanini, kidude kilichofungwa karibu na redio kinapiga kelele mpaka upunguze. Baba alipendezwa mno. "Hili limelelewa," akawa anasema. "Limelelewa na watu wenye adabu." Mimi nilikaa kiti cha nyuma peke yangu, dirisha wazi, upepo unanipiga, na nilikuwa naimba. Sikumbuki naimba nini.

Jua lilikuwa bado lipo tulipoingia uani. Majirani walifika kabla injini haijazimwa. Mama alitoka na unga mikononi, akalizunguka gari lote, akaweka kiganja kwenye lile bonde la ubavuni kikaacha alama nyeupe. Vigelegele walipiga wengine. Yeye aliuliza neno moja tu.

"Litafika Nkome?"

Mjomba akafungua mdomo. Baba akamzuia kwa mkono. "Mwulize huyu. Ndiye aliyelichagua."

Mama akanigeukia, na watu wote wakanigeukia. Nikaona zizi letu nyuma ya kichwa chake, na yule jike mmoja.

"Litafika, Mama," nikasema. Haikuwa sauti ya mbuzi.

Kulala nililala, lakini usingizi wa mang'amung'amu. Neno lilikuwa limeshatoka na lilikuwa langu.

Asubuhi yake saa kumi na moja tulikuwa njiani, Mjomba kwenye usukani, Mama mbele, mimi nyuma na magunia matupu na turubai jipya. Nilisikiliza kila mlio. Tulipopita Katoro nilidhani nasikia kitu kinagonga, kumbe ni chupa ya maji ya Mama. Tulifika Nkome jua limeshapanda, dagaa wametandazwa juu ya nyavu weupe hadi karibu na maji, na wachuuzi, wapakuaji na wenye mitumbwi wote wakageuka kuangalia pikapu ya mgodi imefuata nini. Mama alishuka akaenda kwa wauzaji wake. Mimi nilishuka, nikakunja kanga, nikalala chali mchangani na kujisukuma mpaka chini ya gari. Wanaume wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama fundi wa siku hizi anasukwa nywele. Niliwasikia vizuri tu. Nilipapasa kila bomba, kila bati, nikanusa kama alivyonusa Baba. Hakuna kilichovuja. Nikatoka na mchanga mgongo mzima, nikaenda kumsaidia Mama kuchagua dagaa.