Filamu Niliyosema Inawafaa Watoto

Harufu ya petroli ya jenereta iliyochanganyika na mafuta ya sangara ndiyo iliyotufikia kwanza nyumbani kwetu Kamunyonge, kabla hata hatujajua kwamba mtaani kumekuja video. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipoanza kufunguliwa. Foleni za sukari zilikuwa zimeanza kupungua, mitumba inamwagwa chini sokoni Musoma, na mfanyabiashara mmoja, mzee wa kanisa letu, alikuwa ameleta kutoka Sirari, mpakani, televisheni, deki na rundo la kanda. Akaanza kuonyesha filamu kwenye ua wake wa mabati, pembeni ya wakaanga samaki. Akina mama wa kanisa wakaja juu. Walikuwa wamesikia kwamba Wazungu wa kwenye video hawana haya, wanavuana nguo mchana kweupe. Mzee wa watu hakutaka kugombana na kanisa wala kukosa wateja, akasema basi achaguliwe mtu wa kuziangalia kanda kwanza. Mama akanitaja mimi, kwa sababu nilikuwa sekondari na Kiingereza changu kilisifiwa sana na watu wasiokijua.

Nilivimba kichwa, sikatai. Msichana wa kidato cha pili, nimekalishwa peke yangu kwenye benchi la mbele kama hakimu! Mama alinipa maagizo huku akisonga ugali. "Angalia vizuri, Nyangeta. Kama hamna kubusiana, hamna uchi, hamna matusi, mdogo wako Masatu naye aende. Labda atacheka." Masatu alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, darasa la kwanza, akiishi kwetu na mama yake tangu baba yake alipozama ziwani. Mtumbwi ulionekana, mwili haukupatikana. Kwetu mtu haachwi hivihivi bila kuzikwa, kwa hiyo wazee kule kijijini kwetu Suguti walikata shina la mgomba, wakalivisha shati lake, wakalizika kwa nyimbo na maombi kama wanavyomzika mtu. Watoto tulisimama nyuma ya watu wazima tukaona kila kitu. Tangu siku ile Masatu alikuwa anakula na kulala tu, kucheka hapana.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kipuuzi kupita kiasi. Ilihusu mfalme wa Kizungu wa zamani sana aliyepotelewa na jogoo wake, akaamuru kwamba asubuhi isiingie mpaka jogoo apatikane. Askari wake, waliovaa mabati kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, walizunguka nchi nzima wakipekua vyungu na vitanda vya watu. Mmoja alitumbukia ziwani akazama, bulu bulu bulu, vikabaki viputo juu ya maji. Wenzake wakavua kofia, wakalia, wakamfanyia matanga. Watu wako katikati ya kula, yule askari akatokea ng'ambo akitembea, samaki wanachungulia kwenye kofia yake ya chuma, akauliza mbona hamjanibakizia chakula. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Busu halikuwepo, uchi haukuwepo. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, inawafaa kabisa.

Jumamosi ile Masatu alicheka. Alicheka akapiga magoti yake kwa viganja, na mama mdogo, mama yake, aliyekuwa mlangoni kwenye ua, akaficha uso kwenye kanga kwa furaha. Watu wakanipongeza. Siku zilizofuata mtoto akawa mchangamfu, anaimba, anatumwa na kwenda mbio. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hamalizi ugali wake, mpaka mama mdogo alipomfuata akamkuta ufukweni na sahani imefunikwa kwa jani, anatazama ng'ambo. Alimweleza mama yake kwa utulivu kabisa kwamba baba anatembea chini ya maji, ziwa ni kubwa ndiyo maana anachelewa, na akitokea atakuwa na njaa. Mama mdogo alimpiga kofi. Kisha akakaa kwenye mchanga akalia upya, kilio cha siku ile ya kwanza, na mimi nilikisikia nikiwa uani nafua.

"Wewe ndiye uliyesema inafaa," mama akaniambia. "Haya, kamwambie sasa." Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikamketisha Masatu, nikamweleza kwamba filamu ni uongo, wale ni watu wanaigiza wanalipwa, na baba yake yumo kaburini kule Suguti. Alinitazama kwa huruma, kama ananisikitikia. "Dada, si mle kuna mgomba? Hata wewe ulikuwepo." Nilikuwa nimetafuta uchi kwenye filamu nzima, na kilichokuwa kinamngoja mtoto yule sikukiona, ingawa nilisimama naye kando ya lile kaburi. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea mwenyewe.

Siku hizi filamu huandikwa umri wa watazamaji pembeni, na wajukuu wa ndugu zangu wanaangalia kila kitu kwenye simu bila kumwuliza mtu. Wazazi wao huniambia zamani mlikuwa mnachunga watoto. Masatu ni mtu mzima sasa, ana duka la vipuri Bunda na mke kutoka Butiama, anacheka vizuri tu, na habari ya sahani ile hatujawahi kuigusa. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, si la aliye hai, na mtu mwenye watoto wa kiume asipomrithisha mmoja wao jina la baba yake, ukoo unanung'unika. Masatu ana wavulana wanne. Alipozaliwa wa mwisho, ukoo ulinituma mimi, dada mkubwa, nikamwulize lini jina la baba yake litapata mtu. Alikuwa amempakata mtoto. Akatabasamu, akanisogezea kikombe cha chai.

"Bado, dada," akasema.