Posa ya Mtu Asiyetulia

Nilirudi Tabora kutoka chuoni Nairobi nikiwa mhandisi, lakini reli haikunipa kazi, ilinipa mzunguko. Sisi wahandisi wapya tulipaswa kupitia kila idara kabla ya kukabidhiwa moja: karakana ya injini, njia ya reli, maji, madaraja. Mkono ukianza kuzoea, unahamishwa. Nilichukia mno. Sikuwahi kuona mwisho wa kitu nilichokianza, nikawa hata chakula nakula nimesimama.

Posa yangu ilipelekwa mtaa wa Cheyo, palepale mjini, nikiwa karakana. Mshenga alikuwa baba yangu mdogo, naye akamwambia baba wa binti, fundi bati mwenye kibanda kilekile tangu ujana wake, kwamba kijana anatengeneza injini. Aliporudi kufuata jibu, nilikuwa nakagua reli. Aliporudi tena, nilikuwa Bukene, kwenye pampu ya kujaza maji tangi la garimoshi.

"Huyu kijana wenu anafukuzwa kila mahali," mzee alimwambia. "Anaharibu nini huko?"

Baba mdogo alinisimulia huku akicheka. Mimi sikucheka. Nilimpenda yule binti, na kwa mafundi wa mjini, mtu ni kazi yake.

Haikupita wiki mzee akashuka Bukene mwenyewe. Nilitoka kwenye pampu nimejaa grisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hapa wamekuweka mpaka lini?"

Ningeweza kumdanganya. "Sijui, baba. Wakiniita, naondoka."

"Kwa hiyo mwanangu atakuwa mtu wa kufunga mizigo tu."

Nikasema ndiyo. Mzee akaenda kukaa stesheni kusubiri treni ya kurudi, nami nikabaki naizunguka ile pampu kama kuku anayetaka kutaga.

Siku chache baadaye baba mdogo akaja.

"Mzee kasema atakayefunga mizigo si yeye, kwa hiyo aulizwe binti."

"Na binti kasemaje?"

"Kauliza kama maji ya Bukene yanatoa povu la sabuni, au ni ya chumvi."

Nilikaa chini palepale kwa furaha. Nilikuwa bado nimekaa karani wa stesheni alipokuja kuniambia kwamba natakiwa Malagarasi, darajani, kesho asubuhi.

"Baba mdogo," nilisema, "mwambie yanatoa povu. Ila sasa aulizie ya Malagarasi."